Kikosi kwa Jina la Baba

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, lakini msichana huyu alikimbilia saluni ya baba yake, kinyozi. Kazi yake ilikuwa ileile kila siku: kufagia nywele zilizotapakaa chini ya viti viwili vya kunyolea, kuosha vitana, kufuta mashine kwa spiriti na kukunja taulo. Saluni yenyewe ilikuwa ndogo, na televisheni ilifungwa juu ukutani ili hata aliyekaa karibu na mlango aione. Wateja walisubiri zamu zao huku wakibishana kuhusu mpira, na mabishano yale hayakuwa na mwisho mpaka msichana asimamishe ufagio.

"Huyo hakufunga kumi na mawili," angesema. "Alifunga tisa. Manne kati ya hayo ni ya penalti."

Mtu angetafuta kwenye simu yake, akute ndivyo. Ndiyo maana wateja walimbandika jina la Takwimu, nalo likamganda hata shuleni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki, alizisikia sifa hizo akiwa ameinamia kichwa cha mteja.

"Hicho ni kichwa cha mama yake," alizoea kusema. "Mimi changu ni cha kunyolewa tu."

Jumamosi moja fundi simu wa jirani aliingia na mchezo mpya kwenye simu yake, akawaonyesha wote. Ulikuwa hivi: unalipa kiingilio, unachagua wachezaji kumi na mmoja wa kweli kutoka timu mbalimbali, unaunda kikosi chako mwenyewe. Wachezaji hao wakishuka uwanjani, kila bao na kila pasi ya bao hugeuka pointi zako. Mwenye pointi nyingi anazoa viingilio vya wenzake, baada ya wenye mchezo kumega chao.

"Na hiyo si kamari?" kinyozi aliuliza.

"Kamari wapi, mzee? Huu ni mchezo wa ujuzi. Kamari ni kurusha dadu."

Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa karani wa mahakama, kidevu kimejaa povu la sabuni. Alikuwa mtu wa kupima maneno kabla ya kuyatoa.

"Hapo ndipo mawakili wanapoumizana vichwa," alisema. "Mchezo ukitegemea bahati, sheria inauita kamari. Ukitegemea ujuzi, ni habari nyingine. Sasa huu wa kupanga vikosi, kuna nchi mahakama zimesema ni ujuzi, kwa sababu asiyejua mpira hawezi kushinda mara kwa mara. Kuna nchi zimesema ni kamari ileile iliyovalishwa suti. Hapa kwetu kesi bado haijaamuliwa."

Takwimu alikuwa ameshika kizoleo kilichojaa nywele. Neno "ujuzi" lilimwingia moyoni likakaa. Alitoka nje kwenda kumwaga taka. Karani alikuwa bado anaendelea kuzungumza, lakini yeye alikuwa ameshapata alichokitaka.

Kwenye droo ya saluni kulikuwa na simu ya zamani ya baba yake, iliyobaki kwa ajili ya kuwapigia wateja muziki. Laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la baba. Jumatatu, baba alipokwenda kununua spiriti, Takwimu aliifungua na kuupakua ule mchezo. Maandishi yakamuuliza: Je, una umri wa miaka kumi na minane au zaidi? Kidole kilisita kidogo, kisha kikabonyeza "Ndiyo." Yakamtaka jina na namba ya kitambulisho. Kitambulisho cha baba kilikuwa palepale kwenye droo, pamoja na leseni ya biashara. Aliandika jina la baba yake herufi moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

Alianza na bakshishi alizopewa na wateja, akaziweka kwenye simu kupitia wakala wa jirani. Wiki ya kwanza alipata zaidi ya alichotoa. Wiki ya pili vilevile. Siri ya namna hiyo haikai tumboni kwa mtoto, akamnong'oneza mwenzake wa dawati, msichana ambaye darasa zima lilimwita Kiranja kwa kuwa hakuna aliyekumbuka lini hakuwa kiranja. Kiranja alikuwa mtu wa kuaminika mpaka walimu walimtuma kuleta madaftari kutoka ofisini kwao bila kumsindikiza.

"Si dhambi?" Kiranja aliuliza.

"Si kamari. Ni akili. Karani wa mahakama mwenyewe amesema, nilimsikia kwa masikio yangu."

Neno la mahakama lilikuwa na uzito. Mwezi haukuisha kabla wanafunzi kumi na wanane hawajaanza kumletea Takwimu fedha zao za maandazi na nauli ili awachezee. Yeye alipanga kikosi, Kiranja aliandika majina kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu. Waliposhinda waligawana nyuma ya choo cha wasichana, na Takwimu alitembea shuleni kama mtu aliyeongezewa urefu.

Kisha mambo yakageuka. Mshambuliaji aliyemtegemea aliumia mguu akipasha misuli kabla ya mechi. Jumapili iliyofuata kipa wake alilambwa kadi nyekundu. Mechi nyingine ilivunjwa na mvua, pointi zote zikafutwa. Takwimu alijua wastani wa mabao wa kila mchezaji, lakini hakuna hesabu iliyoweza kumwambia nani atateleza wala mvua itanyesha saa ngapi. Waliotoa wakaanza kudai. Msichana mmoja mdogo, ambaye alikuwa akitembea kwa miguu wiki nzima kwa sababu nauli yake ililiwa, alisimama mbele ya dawati la Takwimu akamtazama.

Ijumaa Kiranja alikuja na bahasha nene.

"Shangazi yangu kanipa," alisema haraka. "Weka zote. Tukishinda tunarudisha za watu, na hizi nazirudisha Jumatatu asubuhi."

Takwimu aliipima bahasha mkononi. Shangazi wa Kiranja alikuwa akiuza mboga kwenye meza ya mbao karibu na saluni, na aliyejua meza ile ilivyo alijua hawezi kutoa bahasha kama hiyo. Swali lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Hakuliuliza, kwa sababu alihofia jibu.

Jumapili, nahodha wa kikosi chake alitolewa nje kwa machela dakika ya nane. Kufikia jioni hakuna kilichobaki.

Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa alifungua kabati lake akakuta michango ya vitabu haipo. Ilikuwa imekusanywa kwa muda wa wiki tatu, na alikuwa aipeleke benki siku hiyo. Ufunguo wa kabati ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu, na aliyeingia humo kila siku kabla ya watu wote alikuwa mfagizi wa shule, mama mmoja mtu mzima. Wanafunzi walimwita Mama Ndoo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo mkononi.

Walimu walimkuta akipiga deki ukumbini. Alijibu kwamba hajagusa kitu, akarudia, na alipoona hasikilizwi akanyamaza. Saa nne polisi wawili walifika. Wanafunzi waliona kupitia madirishani akivuka uwanja katikati yao, mikono bado ina povu, akijaribu kuifuta kwenye khanga yake. Ndoo ilibaki ukumbini, maji yake meusi, na hakuna aliyeiondoa mpaka mchana.

Kiranja alimvuta Takwimu mpaka chooni.

"Ni mimi," alisema. "Nilitumwa chaki. Nilidhani tutashinda."

"Najua."

"Ulijua?"

Maji yalidondoka kwenye bomba bovu, tone baada ya tone.

"Usiseme," Kiranja alimshika mkono. "Mimi wakinifukuza, mama ataniua. Na wewe je? Fedha zimeingia kwenye simu ya nani? Kwa jina la nani? Watamkamata baba yako."

Hilo Takwimu hakuwa amelifikiria. Lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Waliapizana kunyamaza, wakarudi darasani mmoja mmoja.

Siku ya kwanza alijiambia kwamba polisi hawatapata ushahidi, watamwachia Mama Ndoo. Siku ya pili hawakumwachia. Mama Ndoo alikuwa na mjukuu wa darasa la pili, mtoto mwembamba aliyekuwa akimsubiri bibi yake kila mchana wakaondoka pamoja. Siku hiyo watoto wakubwa walimzunguka getini wakiimba, "Mjukuu wa mwizi, ficha mifuko yako." Mtoto hakulia. Alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, akisubiri mahali palepale alipozoea kusubiri. Takwimu alipita karibu naye akainamisha uso. Nyumbani alisukuma sahani kando. Baba alimgusa paji la uso akauliza kama anaumwa, akasema hapana, na "hapana" ile nayo ikawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Siku ya tatu mtoto yule alikuwa kwenye ngazi tena.

Takwimu alifika saluni akakuta baba ananyoa mteja mmoja tu, mzee aliyekuwa akisinzia. Hakushika ufagio. Alisimama mbele ya kioo ambapo baba angemwona bila kugeuka.

"Baba, Mama Ndoo hakuiba. Fedha zimeingia kwenye simu iliyo kwenye droo."

Mkono wa kinyozi ulisimama. Takwimu akaendelea, sauti ndogo, akaeleza yote kuanzia kitambulisho mpaka bahasha. Hakuacha kitu. Alipomaliza, baba aliinamia tena kichwa cha mzee, akamnyoa upande uliobaki polepole, akamfuta shingo, akampaka spiriti. Mikono yake ilikuwa imara, lakini alisahau kupokea malipo, na mzee alilazimika kuziweka fedha juu ya meza mwenyewe.

Mlango ulipofungwa, baba alikaa kwenye kiti cha wateja. Kwenye kioo alionekana mdogo.

"Yule mama amelala huko siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Leo ni ya tatu."

"Na wewe ulikuwa unakula nyumbani. Unalala kitandani."

"Niliogopa watakukamata wewe."

"Huenda watanikamata," baba alisema. Alisimama, akachukua simu kwenye droo, akachukua kitambulisho, akazima taa. "Twende. Tunampitia mwenzako na mama yake. Hatuwezi kumsema mtoto wa watu kabla mzazi wake hajajua."

Mama yake Kiranja hakumpiga mtu. Alikaa chini sakafuni akajifunika uso kwa khanga, kisha akainuka akatafuta viatu vyake.

Kituoni, askari wa zamu aliandika maelezo ya wasichana wawili ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye jina la mwenye akaunti, aliinua kichwa.

"Mzee, jina hili ni lako?"

"Ni langu."

"Basi yule mama tunamwachia sasa hivi, lakini wewe itabidi ubaki hapa mpaka mkuu wa upelelezi afike kesho."

"Si yeye," Takwimu alisema. "Hakujua chochote. Karani wa mahakama alisema ule ni mchezo wa ujuzi. Si kosa."

Askari hakumkemea, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama ni ujuzi au bahati, waachie mawakili wabishane, wana muda. Umedanganya umri. Umetumia kitambulisho cha mtu. Umekusanya fedha za watoto wenzako ukazichezea bila leseni yoyote. Hayo hayana mjadala."

Baba alivua mkanda na saa, akaviweka mezani kama alivyoambiwa. Alimwambia Takwimu akalale kwa kina Kiranja, asisahau kumalizia kazi za shule. Kisha mlango wa chuma ulifunguliwa. Aliyeanza kutoka alikuwa Mama Ndoo, na aliyeingia alikuwa kinyozi. Walipishana kwenye korido nyembamba. Kinyozi alisimama kando kumpisha, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama." Mama Ndoo alimtazama, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Asubuhi, karani wa mahakama alipata habari akaja kituoni mwenyewe. Alimkuta Takwimu kwenye benchi la nje, sare imekunjamana.

"Siku ile nilisema maneno mengi," alimwambia. "Nilisema pia kwamba hata pale mchezo huo unaporuhusiwa, mtoto haruhusiwi, na mwenye kukusanya fedha za watu lazima awe na leseni. Hukusikia?"

"Nilikuwa nimetoka nje."

"Ulitoka lini?"

Takwimu alitazama vidole vyake. "Uliposema ujuzi."

Karani alishusha pumzi. Aliingia ndani akakaa na mkuu wa upelelezi kwa muda mrefu. Kinyozi aliachiwa mchana kwa onyo, baada ya simu kukaguliwa na wanafunzi kumi na wanane kuhojiwa mmoja mmoja mbele ya wazazi wao. Akaunti ilifungwa. Fedha zilizoliwa na mchezo hazikurudi. Kinyozi aliuza televisheni na kiti kimoja cha kunyolea, mama yake Kiranja akaongeza alichokuwa nacho, na michango ya vitabu ikarudishwa kabatini. Wasichana wote wawili walisimamishwa masomo wiki mbili, na Kiranja alipoteza ukiranja wake. Waliporudi, hakuna mwalimu aliyemtuma tena kuleta hata kipande cha chaki.

Mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima akasema kwamba yeye na walimu wake walimhukumu mtu bila kumsikiliza, akaomba radhi kwa jina la shule. Lakini aliyeombwa radhi hakuwapo. Mama Ndoo alikuwa amekataa kurudi. Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye zahanati, mbali zaidi na kwa ujira mdogo zaidi.

Jumamosi kinyozi alimpeleka binti yake kwa Mama Ndoo. Chumba kilikuwa kimoja, safi, kimegawanywa kwa pazia. Mjukuu alikuwa akifanya hesabu sakafuni. Takwimu alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba msamaha. Wewe hukufanya kosa. Nilijua, nikanyamaza."

Mama Ndoo aliendelea kupanga nguo kwa muda, akizinyoosha kwa kiganja.

"Mwenzako alifika juzi na mama yake," alisema mwishowe. "Nimemwambia nitakalokuambia wewe. Fedha ziliibwa siku moja. Nyinyi mlinyamaza siku tatu. Kuitwa mwizi na watu wasiojua, hilo nimelizoea, maskini halikosi. Lakini kulikuwa na watoto wawili wanaojua, kila siku nawafagilia darasa, na hawakusema. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi." Alikunja shati jingine. "Nimekusamehe. Ila sitarudi pale. Na msimcheke tena huyu mtoto."

"Sikumcheka, bibi."

"Uliwazuia waliomcheka?"

Takwimu alimtazama mtoto pale sakafuni. Mama Ndoo akarudi kwenye nguo zake.

Baba na binti walitembea mpaka walipofika kwenye mtaa wa nyuma ya shule. Ulikuwa mpango wa baba: kupita kwa wazazi wa watoto wote waliompa Takwimu fedha zao, kidogo kidogo kila Jumamosi, kurudisha na kueleza. Mbele ya mlango wa kwanza alisimama.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Akili ya kukumbuka mabao ya watu wote wale si kosa, nami sitaki uione hivyo. Itakufikisha mbali. Lakini ukitaka kujua kama jambo ni halali, usikimbilie kutafuta neno moja zuri la kujifunikia. Jiulize kama unaweza kulifanya kwa jina lako, mchana kweupe, watu wote wakiona. Wewe mchezo ule uliufanya kwa jina langu, hesabu zake ziliandikwa nyuma ya daftari, na fedha ziligawanywa nyuma ya choo. Moyo wako ulikuwa umeshakuambia kabla ya karani. Hukutaka kuusikiliza."

"Ndiyo, baba."

"Na ukishakosea, sema siku ileile. Kila siku unayochelewa, kuna mtu mwingine anakulipia."

Alimkabidhi bahasha ndogo yenye nauli ya wiki moja ya msichana mdogo aliyekuwa akitembea kwa miguu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, ili mlango ukifunguliwa atakayeonekana kwanza asiwe yeye.

Takwimu alipiga hodi. Alisikia viti vikisogezwa ndani, na sauti ya mwanamke ikiuliza ni nani. Alimeza mate, akajibu kwa jina lake kamili, lile aliloandikishwa nalo shuleni.